Dereva Uvunguni

Ukitaka kujua kimo cha mumeo, mfiche uvunguni. Wangu nimelala naye miaka yote hii nikidhani ni mtu wa kawaida, mnene kidogo, basi. Siku ya kumsukuma chini ya kitanda ndipo nilipojua kuwa Mungu alimpa miguu mirefu kuliko akili. Nilitoa sufuria kubwa, nikatoa sanduku la nguo, nikatoa gunia la mkaa, na bado kisigino kilikuwa nje. Nikakipiga kwa ufagio.

"Kunja," nikamwambia.

"Nimekunja."

"Basi kunja na uliobaki."

Sitaki mtu aseme nilifanya mzaha. Mimi nikiogopa nagomba, ndivyo nilivyoumbwa, na siku ile niliogopa kuliko siku zote nilizowahi kuishi.

Mume wangu ni dereva wa malori, yale yanayovuta tela refu. Wakati ule hakuwa na gari lake la kudumu. Alikuwa akimshikia usukani mwenzake mmoja, tunamwita Kipara, anayebeba saruji. Kipara akitaka kwenda zake bila tajiri mwenye lori kujua, anampigia simu mume wangu, lori linaondoka, mzigo unafika, na kwenye makaratasi dereva anabaki Kipara. Siku hiyo Kipara alikuwa harusini kwa dada yake. Mume wangu akashusha saruji, akawa anarudisha tela tupu, ana haraka ya kuliweka yadi kabla tajiri hajapita. Kwenye kona ya maghala ya mbao akaingia bila kupunguza mwendo. Na tela, kama hujui, halifuati njia ya kichwa. Kichwa kikipita katikati ya barabara, mkia unakata kona kwa ndani na kupanda ukingoni. Dereva mzoefu hupanua kona kwanza. Yeye ni mzoefu. Hakupanua, na pale ukingoni palikuwa na mtu wa baiskeli.

Akafanya wanavyofanya wote. Madereva wa malori wana sheria yao, wanafundishana tangu siku ya kwanza kushika usukani: ukigonga mtu usimtazame aliyelala, tazama pa kukimbilia. Watu wakikukamata palepale hawakuulizi leseni. Wana mwenzao aliyechomwa moto akiwa bado amefunga mkanda. Kwa hiyo wanakimbia kwanza, na wakishafika mbali wanakwenda wenyewe polisi. Ndiyo sheria. Mume wangu aliifuata nusu. Alikimbia vizuri sana, ila polisi hakwenda. Alikuja kwangu.

Aliingia kwa uchochoro wa nyuma ya vyoo, saa za alasiri, uani hakuna mtu. Ndala mguu mmoja, shati limelowa.

"Nimegonga," akasema.

"Umemgonga nani?"

"Sijui. Sikuangalia."

"Amekufa?"

"Nimekwambia sikuangalia."

Nikampa maji. Watoto wetu, namshukuru Mungu, walikuwa likizo kwa bibi yao. Nilikuwa natafuta viatu vyangu ili nimsindikize kituoni, naapa nilikuwa navitafuta, nikasikia sauti ya mwanamke uani. Si kelele za ugomvi. Kilio kile mtu akikisikia anajua kabla ya kuambiwa. Nikatoka. Mama Mapacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa amekaa chini kwenye simenti, na wanaume wawili wa maghala ya mbao wamesimama mbele yake wameshika baiskeli iliyopinda gurudumu.

Alikuwa Fundi. Mumewe. Fundi wa redio na pasi na kila kitu chenye waya, mtu mpole, anayesalimia mpaka unachoka. Sisi na wao bomba moja, kamba moja ya kuanikia, na ukuta mwembamba kiasi kwamba mapacha wakikosa hesabu mimi najua jibu lao lilikuwa ngapi. Nilikaa chini nikamkumbatia mwenzangu, tukalia pamoja. Machozi yangu yalikuwa ya kweli. Nayasema haya kwa sababu baadaye waliyatilia shaka.

Niliporudi chumbani alikuwa amesimama nyuma ya pazia.

"Ni Fundi," nikamwambia.

Aligeuka akaelekea ukutani, akabaki hivyo.

Basi nikasema tutangoja watu wapungue, nimtoe. Watu gani wapungue! Kabla jua halijazama turubai lilikuwa limefungwa, kamba moja kwenye bomba, nyingine kwenye nondo za dirisha langu. Viti vikapangwa mpaka kizingiti changu. Chumba chetu ni kimoja, mlango mmoja, na mlango huo ukifunguka unafungukia magotini mwa waombolezaji. Mdogo wake Fundi alikuwa safarini, mazishi yakasogezwa kumngoja, na watu wa kumngoja wote wakaja na mikeka. Nikamtia uvunguni.

Ukishawahi kumficha mwanaume mzima katika chumba kimoja huku msiba uko mlangoni, njoo tuzungumze. Kama hujawahi, nyamaza tu. Kuna haja, na vyoo viko ng'ambo ya uani. Nilikuwa natoka na ndoo nimeifunika kanga, napita katikati ya wazee wanaonipa pole, natembea kama nimebeba mayai. Kuna kula. Nilijipakulia sahani iliyojaa, nikaingia nayo ndani, nikatoka nayo tupu, nikapakua tena. Dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa sauti nzito ambaye ua mzima ulimwita Shangazi kwa kuwa mapacha walimwita hivyo, akanitazama.

"Wengine msiba unatufunga koo," akasema. "Wewe mwenzetu umekufungua."

Nikainamisha kichwa.

Na kuna kukoroma. Mume wangu akikoroma hata kuku wanahama. Siku za kawaida ningefungua redio, lakini nani anafungua redio msibani, tena redio iliyotengenezwa na marehemu? Kwa hiyo hakulala, wala mimi sikulala. Nilining'iniza mkono uvunguni, nikisikia pumzi inaanza kuwa nzito nambana sikio. Nilimbana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nakiri, ilinisaidia.

Tuligombana kwa kunong'ona, mimi nimelala kifudifudi ukingoni mwa kitanda kama nasali.

"Nitoe," akasema.

"Nikutoe nikupeleke wapi? Watu wamelala mpaka kwenye geti."

"Basi ningoje."

"Ungoje nini? Watakwenda kuzika wanaume, wanawake watabaki hapa na mimi. Utakaa humo mpaka uote mizizi. Acha nimwite askari uani kimyakimya aje akuchukue."

"Wakimwona askari anaingia humu, nitafika getini nimekufa. Usinitie kitanzi, Mama Watoto."

Hapo hakukosea. Nilikuwa nimewasikia. Seremala mmoja wa mtaani, mtu mtaratibu ambaye sijawahi kumsikia akitukana, alisema huku akikoroga chai yake kuwa dereva yule akipatikana, polisi watakuta majivu. Hakupandisha sauti. Wenzake wakaitikia kama watu wanaopanga kuchimba kisima. Na habari zilikuwa zinafika mojamoja. Kwanza, kwamba lori limejulikana. Kisha, kwamba Kipara amekamatwa palepale harusini, na suti yake na ua kifuani. Kipara anasema lori liliibwa. Nilimfahamu Kipara. Mdomo wake ni mlango wa pazia la kanga, upepo kidogo tu unafunguka. Akishasema, watu wote wale watageuza viti wautazame mlango wangu.

Nilitaka nini? Nilitaka mume wangu asiuawe. Ni baba wa watoto wangu, na hata nikiwa na hasira naye kiasi gani, sikutaka kumwona amelala chini ya matairi yanayowaka. Na kila nilipotoka nje Mama Mapacha alinishika mkono, akauegemezea kichwa chake, akaniambia, "Usiondoke, shoga." Nikawa siondoki. Nikikaa naye nafikiria uvunguni, nikiwa ndani nasikia sauti yake. Kuna wakati nilisimama katikati ya mlango, si ndani si nje, mpaka mtoto mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Siku ya pili mchana alikuja askari wa usalama barabarani kuzungumza na ndugu juu ya mwili. Wakamweka kwenye kiti karibu na geti, wakampa soda. Nilimpitia mara mbili na kopo la maji. Mara zote mbili nilikusudia kumwambia, nikapita.

Ndipo Mama Mapacha alipoanguka. Alikuwa hajala wala kulala. Chumba chake kimejaa wanawake, joto, hakuna hewa. Shangazi akasimama, akaangaza macho, na macho yake yakatua mlangoni kwangu.

"Mleteni hapa kwa jirani," akasema. "Apumzike kwenye kitanda cha maana."

"Shangazi, chumba changu kina kunguni," nikasema.

"Watamkuta hana damu."

"Nimepiga dawa asubuhi, itamuumiza kifua."

"Dawa yenyewe hata harufu haina." Alikuwa ameshafika kizingitini, ananusa kama mbwa wa doria. "Unaficha nini wewe, uchafu? Nani ana chumba safi siku ya msiba? Mficha maradhi kifo humuumbua. Pisha."

Nikapisha. Kuna watu wanaosema ningeng'ang'ania. Hawamjui Shangazi.

Wakamlaza. Kitanda chetu ni cha mbao, chaga zake zimechoka, na godoro likashuka. Niliona limeshuka mpaka wapi, maana nilijua kilichokuwa chini yake. Shangazi akavuta kigoda akae, lakini mgonjwa mwenyewe akainua mkono.

"Niacheni na mwenzangu," akasema. "Wifi, tafadhali."

Wakatoka. Nikafunga mlango, nikatia komeo, nikakaa miguuni pake. Nikaanza kumkanda nyayo kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Zilikuwa baridi, nyayo zake, kwenye joto lile.

Hakulia. Alitazama dari. Akaanza kusema polepole, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la sokoni.

"Daktari ameniambia hakufa palepale. Alikaa kidogo. Wale wa mbao walikuwa nyuma ya ghala na msumeno unaunguruma, hawakusikia. Hakuwepo mtu. Ni yeye na lori tu." Akavuta kanga kifuani. "Unaona? Dereva alikimbia watu ambao hawakuwepo. Angempandisha kwenye lori lake wangefika hospitali."

"Pumzika, shoga."

"Mashemeji zangu wanataka kumuua. Nawasikia. Mimi sitaki. Mimi nataka kumuuliza tu. Yule ndiye mtu wa mwisho kuwa na mume wangu. Nataka aniambie alisema nini. Alilia? Aliita watoto? Nikipata hilo nitalala. Nisipopata, sijui."

Nilikuwa ninalo jibu, nami nilidhani ni jibu la kweli. Nilitaka limsaidie aache kungoja.

"Huenda dereva mwenyewe hajui," nikasema. "Huenda hakuangalia."

"Macho mtu anaweza kuyageuza," akasema. "Na masikio je?"

Hapo chini ya kitanda kikatoka kitu. Nilidhani ndiko kule kukoroma, nikakohoa kukifunika. Kikaja tena. Hakikuwa kukoroma. Mume wangu alikuwa analia, tena vibaya, mtu anayejiziba mdomo kwa mkono mzima na bado "Mungu wangu" inapenya vidoleni.

Mama Mapacha akainuka akakaa. "Ni nini hicho?"

"Paka," nikasema.

Ndiyo. Nilisema paka.

"Paka hamtaji Mungu," akasema. Hakunitazama mimi, alitazama sakafu. "Toka, wewe uliye humo. Nani wewe?"

Kilianza kutoka kisigino. Halafu mguu, halafu mgongo wenye vumbi, mwisho yeye, ana utando wa buibui kichwani na jicho moja jekundu. Akapiga magoti palepale kwa sababu nafasi ya kusimama haikuwepo. Mama Mapacha alimtazama kwa muda mrefu sana. Nilikuwa namwona akilipanga jambo kichwani, lori, Kipara, mume wangu asiyekuwa na gari lake, mume wangu asiyeonekana msibani. Kisha akanigeukia mimi.

"Umenishika mkono tangu jana," akasema.

Kama ardhi ingepasuka wakati ule ningeruka mwenyewe bila kusukumwa. Sikuwahi kuona aibu ya namna ile, na naomba nisiione tena.

Nilingoja apige kelele. Sauti moja tu ingetosha, mlango wenyewe wa mbao nyembamba. Hakupiga. Aliteremsha miguu, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mume wangu.

"Alisema nini?" akamuuliza.

Nilijua atakachosema. Sijui, sikuangalia. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwombea radhi kwa jibu hilo.

"Aliniita," mume wangu akasema.

Nikahisi nimesikia vibaya.

"Nilishukia mlango wa abiria, maana pa kukimbilia palikuwa upande huo. Yeye alikuwa pale pale, kwenye matairi ya tela, njia ya kupita ni hiyo. Nilimruka. Akafumbua macho." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Akasema, 'Jirani, ni wewe? Afadhali ni wewe.'"

"Halafu?"

"Halafu nikakimbia."

Nje mtu alikuwa anakusanya vikombe. Nilivisikia vinagongana kimoja kimoja. Mama Mapacha aliyarudia maneno yale bila sauti, midomo tu, afadhali ni wewe, kama mtu anayejifunza namba ya simu. Na mimi nilimtazama mwanaume aliyekuwa amepiga magoti kwenye sakafu yangu. Alinywa maji yangu huku anajua. Aligeukia ukuta huku anajua. Nilibeba ndoo yake mbele ya mjane wa mtu aliyemruka, nikajiambia ni woga tu, mtu akiogopa haoni. Alikuwa ameona. Huruma yote niliyokuwa nayo ilinitoka mwilini nikabaki mwepesi, nikasikia baridi.

Mlango ukagongwa.

"Mko salama humo?" Alikuwa Shangazi. "Amelala? Niwaletee chai?"

Mume wangu akanitazama, anatikisa kichwa, taratibu, hapana, hapana.

"Lete, wifi," Mama Mapacha akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Vikombe vitatu."

Nyuma ya mlango, "Vitatu?"

Mama Mapacha alinigeukia, akaningoja. Nikaelewa kuwa lililobaki ameniachia mimi. Ningeweza kucheka kidogo na kusema, viwili, Shangazi, mwenzetu amechanganyikiwa, si unajua tena. Shangazi angeguna akaenda zake. Mume wangu angerudi uvunguni, na mimi ningeendelea kupita na ndoo katikati ya watu.

"Vitatu, Shangazi," nikasema. "Mume wangu yumo humu. Ndiye aliyekuwa na lori. Mwite kwanza askari pale getini, aje yeye mbele ya watu wote, ndipo nitafungua."

Nilisikia kikombe kinawekwa chini kwa uangalifu mkubwa. Halafu nikasikia viti. Kimoja, viwili, kisha vyote, vinasukumwa nyuma kwenye simenti.

Mume wangu alikuwa ameanza kurudi kinyumenyume kuelekea kitandani, bado kwa magoti, na hakukuwa na pa kwenda. Mama Mapacha akasimama. Aliyumba, akashika ukuta, akaenda mpaka mlangoni akaegemeza mgongo wake kwenye komeo. Ngumi ya kwanza ikapiga mbao nyuma ya kichwa chake.

"Asipigwe," akasema. Hakusema kwa nguvu, sijui alikuwa anamwambia nani. "Hajamaliza kunieleza."

Nikaenda nikaegemeza na mimi mgongo wangu, karibu na wake.